Mwajiri mmoja, kabati moja la nota: uchambuzi wa kisa cha Padre José Maurício Nunes Garcia wa Rio de Janeiro

Kisa chenyewe

Padre José Maurício Nunes Garcia alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, tarehe 22 Septemba 1767, akafia hapohapo tarehe 18 Aprili 1830. Katikati ya tarehe hizo alikuwa mkuu wa muziki wa Kanisa Kuu, kisha wa Kapela ya Kifalme, yaani kanisa la ikulu na wanamuziki wake. Alivishwa nishani na mtawala, akafundisha kizazi kizima cha wanamuziki wa mji wake, na akafa fukara. Hakuna misa yake hata moja iliyopigwa chapa akiwa hai. Hata hivyo kazi zake zaidi ya 200 zimefika mikononi mwetu, na Misa yake ya wafu ya mwaka 1816 inaimbwa na kurekodiwa mpaka leo.

Maswali ni mawili. Mtu mwenye kipaji, elimu, cheo na kibali cha mfalme alianguka vipi? Na kazi ambazo hazikuchapwa zilinusurikaje? Nitajibu yote mawili kwa kufuata kitu kimoja tu: nani alikuwa akilipa, na karatasi zilikaa kwa nani.

Watu wa historia wametajwa kwa majina yao, maana kumbukumbu zao ni za umma. Wazazi wa wanafunzi, wanakili, waimbaji wa kawaida na watu wa nyumbani kwake nimewataja kwa kazi zao tu.

Mahali alipoanzia

Rio ilikuwa imefanywa makao makuu ya koloni la Wareno mwaka 1763, miaka minne kabla hajazaliwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake alitokea Minas Gerais, jimbo la machimbo ya dhahabu. Wote wawili walikuwa machotara, na bibi zake wa pande zote mbili walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Baba alifariki mwaka 1773, mtoto akiwa na miaka sita. Nyumbani hapakuwa na kinanda. Alijifunza na baadaye kufundisha kwa ala ndogo ya nyuzi za waya inayofanana na gitaa, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamuziki chotara aliyetoka Minas kama mama yake.

Neno Minas ni la kuzingatia. Katika miji ya dhahabu muziki wa kanisa ulikuwa kazi ya machotara, na waliolipa hawakuwa maaskofu wala magavana bali vyama vya kitume: chama cha Rozari, cha Karmeli, cha Mtakatifu Fransisko, kila kimoja na kanisa lake, sikukuu yake na mfuko wake. Chama kilipatana na mkuu wa kikundi kwa sikukuu fulani, naye akaleta waimbaji, wapigaji na nota. Aliyejua kutunga alikuwa na faida, kwa kuwa nota hakuzitafuta kwa mwingine. Rio ilifuata utaratibu huohuo, na kijana alikulia ndani yake. Kazi yake ya kwanza yenye tarehe, *Tota pulchra es Maria*, ni ya mwaka 1783, akiwa na miaka 16. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Mtakatifu Sesilia cha Rio, kilichowaunganisha wanamuziki wenyewe. Tafadhali kishike kichwani chama hiki, kwa sababu kitarudi mwishoni mwa maisha yake.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 1792 alipewa daraja ya upadre. Mwaka 1798 mkuu wa muziki wa Kanisa Kuu alifariki, naye akashika nafasi hiyo. Kanisa Kuu wakati huo halikuwa na jengo lake: tangu mwaka 1737 makanoni, yaani mapadre wa baraza la Kanisa Kuu, walikuwa wageni wasio na furaha katika kanisa la Rozari na Mtakatifu Benedikto, mali ya chama cha watu weusi. Humo ndimo alimotunga na kuongoza kwa miaka kumi. Muziki wa kipindi hiki ni wa kwaya ya sauti nne, kinanda, na ala chache kadiri zilivyopatikana.

Machi 1808 mambo yalibadilika ghafla. Majeshi ya Napoleoni yalikuwa yameingia Ureno, na familia ya kifalme pamoja na maelfu ya watumishi ikavuka bahari na kushuka Rio. Ibada ya kushukuru ilifanyika kanisani Rozari. Mwanamfalme mtawala, Dom João, alipenda muziki wa kanisa kuliko karibu kila kitu kingine. Mwezi Juni aliunda Kapela ya Kifalme katika kanisa la Wakarmeli kando ya ikulu, na mwezi Novemba akamteua José Maurício kuiongoza. Makanoni walipinga. Hoja yao ilikuwa rangi ya ngozi yake, waliyoiita kasoro inayoonekana kwa macho. Dom João aliwapuuza, na mwaka 1809 akamvisha nishani ya Shirika la Kristo.

Kati ya mwaka 1808 na 1811 alitunga takriban kazi 70. Hiyo ni wastani wa kazi mbili kila mwezi, na si nyimbo fupi tu: zimo misa kamili, masifu ya jioni, na muziki wa Juma Kuu. Juu ya hayo kulikuwa na mazoezi, kinanda, uongozi wa ibada na shule.

Mwezi Juni 1811 alifika Marcos Portugal kutoka Lisbon, mtunzi ambaye opera zake zilikuwa zimechezwa Italia na kwingineko Ulaya. Alipewa ualimu wa muziki wa watoto wa mfalme, usimamizi wa maonyesho ya umma, na sikukuu kubwa za Kapela. José Maurício hakufukuzwa. Alibaki na cheo, lakini siku kubwa zilikwenda kwa mwingine, na maombi ya kazi mpya yakapungua mwaka hadi mwaka.

Tarehe 20 Machi 1816 alifariki Malkia Maria I, na siku hiyohiyo akafariki mama yake mtunzi. Kwa maombolezo ya malkia, Wakarmeli wa Utawa wa Tatu, yaani chama cha kitume cha Karmeli, walimwagiza Ofisi ya wafu (sala za kuimbwa za marehemu) na Misa ya wafu. Kazi ambayo dunia inamjua kwayo haikuagizwa na Kapela ya Kifalme. Iliagizwa na chama cha kitume.

Mwaka huohuo alifika Rio Sigismund Neukomm, Mwaustria aliyekuwa mwanafunzi wa Haydn, akakaa hadi mwaka 1821. Alipeleka habari Vienna kwamba mwezi Desemba 1819 José Maurício ameongoza Misa ya wafu ya Mozart mjini Rio. Ibada ile ilikuwa ya Chama cha Mtakatifu Sesilia, kwa ajili ya marehemu wa mwaka.

Aprili 1821 Dom João, ambaye sasa alikuwa mfalme, alirudi Lisbon na sehemu kubwa ya hazina. Septemba 1822 Brazili ikawa huru. Nchi mpya haikuwa na fedha. Malipo ya ziada ya mtunzi yalikatwa, na shule yake ya nyumbani ikafungwa. Mwaka 1826 alitunga Misa ya Mtakatifu Sesilia, kubwa kuliko zote, kwa agizo la chama alichokianzisha akiwa kijana. Ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni upadre. Wito wake hatuwezi kuupima, lakini hesabu ya kazi iko wazi: kwa chotara wa kawaida nafasi ya Kanisa Kuu ilikuwa mbali, kwa padre ilikuwa karibu. Vizingiti vilikuwa viwili. Sheria ya kanisa ilidai kibali maalumu kwa mwenye asili ya watu weusi, na kila mtaka daraja alitakiwa awe na mali isiyohamishika ya kumtunza. Kibali aliomba, akapewa. Nyumba alipewa na mfanyabiashara, baba wa mmoja wa wanafunzi wake, katika mtaa ulioitwa baadaye Rua das Marrecas. Kwa hiyo ni kufundisha kulikomfungulia mlango wa upadre, na upadre ukamfungulia mlango wa Kanisa Kuu. Baadhi ya wasimulizi huanza na nishani ya mfalme, wakaisahau nyumba hii. Naona ni kosa.

Uamuzi wa pili ni kuifanya nyumba ile shule, bila ada, kwa takriban miaka 28. Sababu haikuwa ukarimu peke yake. Kanisani wanawake hawakuimba. Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa za wavulana au za wanaume waliozoea kuimba juu. Mvulana anakaa na sauti hiyo miaka michache, kisha inavunjika. Mkuu wa muziki asiye na shule anaishiwa sauti ya kwanza kila baada ya muda mfupi. Wavulana wale wale walijifunza kunakili, na wakubwa wao wakawa wapigaji na waongozaji. Miongoni mwao alikuwa Francisco Manuel da Silva, aliyezaliwa mwaka 1795, ambaye baadaye alitunga muziki wa wimbo wa taifa wa Brazili.

Uamuzi wa tatu, na ndio mgumu kuutolea hukumu, ni kubadili mtindo baada ya mwaka 1808. Dom João alizoea Kapela ya Lisbon: waimbaji wa Kiitalia, sauti za pekee zenye madoido mengi, okestra iliyojaa. Rio ilianza kuletewa waimbaji wa aina hiyo, wakiwemo wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Mtunzi alilazimika kuwaandikia. Linganisha moteti (nyimbo fupi za kwaya za ibada) za Juma Kuu za miaka ya nyuma, ambapo sauti nne zinasogea pamoja na neno linasikika, na Misa ya Mama Yetu wa Kutungwa kwa Mimba ya mwaka 1810, ambapo muimbaji wa pekee anapewa nafasi ndefu za kuonyesha ufundi na kwaya inapewa fuga, yaani wimbo ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine, ya kuonyesha elimu ya mtunzi. Baadhi ya wachambuzi wanaona huko ni kuuza roho. Mimi sikubaliani nao. Alikuwa mwajiriwa, sauti zilikuwa mbele yake, na aliziandikia kwa ustadi.

Mfano unaonyesha kwamba hakupoteza sikio lake. Misa ya usiku wa Noeli aliitunga mwaka 1808 kwa sauti na kinanda. Mwaka 1811 aliiandikia ala, lakini hakuweka fidla. Juu kabisa, mahali ambapo okestra yoyote ya wakati ule ingeweka fidla za kwanza, aliweka klarineti, na chini yake viola na selo. Matokeo ni sauti yenye giza na joto, ya wachungaji usiku, ambayo fidla zingeing'arisha na kuiharibu. Uamuzi wa namna hii haufanywi na mtu anayeiga Lisbon kwa woga.

Uamuzi wa nne ni kubaki baada ya mwaka 1811. Angekwenda wapi? Rio ndiyo ilikuwa na Kapela, opera na fedha. Miji mingine ya koloni ilikuwa imepungukiwa, na Minas yenyewe dhahabu ilikuwa imekauka. Tena hakuwa peke yake. Ingawa alikuwa padre, alikuwa na watoto. Mmoja wao, aliyezaliwa mwaka 1808, alikuja kuwa daktari na mwalimu wa anatomia. Mtunzi alimtambua kisheria mwaka 1828, na kwa watoto hao ndiyo aliandika kitabu cha mafunzo ya muziki na piano mwaka 1821. Kuondoka hakukuwa chaguo la kweli.

Matokeo

Mwaka 1831, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Kaisari Pedro I wa Brazili alijiuzulu na okestra ya Kapela ikavunjwa. Nota zake zilibaki kwenye makabati. Francisco Manuel da Silva alianzisha chama cha kusaidiana cha wanamuziki mwaka 1833, kisha akapigania Konservatori ya Rio, iliyofunguliwa mwaka 1848.

Mtunza nyaraka wa Kapela alikusanya na kunakili kazi za padre kwa miaka mingi. Alipofariki, mkusanyo ulibaki mikononi mwa familia yake. Mwandishi na mwanasiasa Visconde de Taunay aliandika makala baada ya makala akidai serikali iununue. Mwishowe ilinunua, na karatasi zikapelekwa Taasisi ya Taifa ya Muziki, yaani Konservatori ileile ya mwanafunzi wake ikiwa na jina jipya. Leo ni Shule ya Muziki ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, na karatasi bado zimo. Mwaka 1897 mtunzi Alberto Nepomuceno alichapisha Misa ya wafu kwa sauti na kinanda.

Kazi kubwa kabisa ilifanywa na mwongozaji wa kwaya Cleofe Person de Mattos. Alizunguka makanisa na makabati kwa miaka mingi, na mwaka 1970 akatoa katalogi yenye namba 237, ambayo kila mwongozaji anaitumia leo. Miaka michache baadaye Misa ya wafu ilirekodiwa chini ya uongozi wa Paul Freeman, katika mfululizo wa rekodi za watunzi weusi uliotolewa Marekani.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Simulizi iliyozoeleka inamtupia lawama Marcos Portugal: mgeni mwenye wivu alimkandamiza padre mpole. Simulizi hii inatokana kwa sehemu kubwa na wasifu uliochapishwa na Manuel de Araújo Porto-Alegre mwaka 1856, miaka 26 baada ya wote wawili kufa, wakati Brazili ilikuwa inatafuta mashujaa wake na Mreno alifaa sana kuwa mbaya wa hadithi. Ushindani ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini angalia kilichompata Portugal mwenyewe. Mfalme aliporudi Lisbon mwaka 1821, Portugal alibaki Rio, afya imeharibika, mlinzi wake hayupo. Alifariki Februari 1830, miezi miwili kabla ya padre. Mshindi na mshindwa walimalizika pamoja, kwa sababu wote walining'inia kwenye msumari mmoja.

Kwa hiyo kilichoshindwa ni mfumo wa kipato. Kabla ya mwaka 1808 José Maurício alikuwa na Kanisa Kuu, vyama vya kitume, na wazazi wa wanafunzi waliomsaidia kwa njia zao. Wateja hao walikuwa wadogo, lakini wengi. Baada ya mwaka 1808 alikuwa na mteja mmoja mkubwa aliyemaliza muda wake wote. Kazi 70 katika miaka mitatu hazikuacha nafasi ya kuwahudumia wengine, na mteja yule alipogeuka, wateja wa zamani walikuwa wamepata watu wengine au wamedhoofika. Ushahidi uko kwenye kazi kubwa mbili za baadaye: ya mwaka 1816 na ya mwaka 1826 zote zililipwa na vyama, si na ikulu. Vile vyama vidogo alivyovipa kisogo ndivyo vilivyomrudia.

Je, angechapa kazi zake? Wengi huuliza hivyo, na jibu ni kwamba njia haikuwepo. Mitambo ya uchapaji ilikuwa imekatazwa katika koloni hadi mwaka 1808, na ile ya kwanza ya kifalme ilikuwa ya sheria na magazeti. Uchapaji wa muziki ulishika mizizi Rio katika miaka ya 1830, akiwa kaburini. Misa ya kuagizwa ilikuwa mali ya aliyeagiza, na karatasi zilibaki kwenye kabati lake. Mtunzi hakulipwa chochote misa iliporudiwa mwaka uliofuata, na uliofuata tena.

Kilichofaa ni shule, na ilifaa kwa njia ambayo sidhani hata yeye aliitarajia. Kapela ilipovunjwa, kilichobaki ni watu waliojua kusoma mwandiko wake, waliomwimbia wakiwa wavulana, na walioendelea kuimba misa zake bila kulipwa na ikulu. Nota zinazotumika zinanakiliwa upya zinapochakaa; nota zisizotumika zinaliwa na wadudu. Ndiyo maana muziki wa kanisa umesalia kwa wingi, wakati wa tamthilia zake umesalia kwa vipande.

Rangi yake nayo isipitwe haraka. Makanoni hawakuweza kumzuia mwaka 1808 kwa sababu mtawala alikuwa upande wake. Maana yake ni kwamba ulinzi wake haukuwa haki, ulikuwa upendeleo wa mtu mmoja, na ulikwisha mtu huyo alipopata mtunzi mwingine aliyemfahamu tangu Lisbon.

Kurudisha nakala kuu kutokana na karatasi za sauti

Sehemu hii ni kwa walimu wa kwaya na wahariri, kwa kuwa kisa hiki kisingejulikana bila kazi hiyo. Nyingi kati ya nota za wakati ule zimetufikia si kama nakala kuu yenye sauti na ala zote pamoja, bali kama furushi la karatasi, kila mwimbaji na mpigaji na yake. Kuzijenga upya kuna mpangilio wake, na anayeruka hatua hurudi mwanzo.

Kwanza hesabu vipimo (visehemu vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari wima) vya kila karatasi, sehemu kwa sehemu, kabla hujaandika nota hata moja. Mnakili hukosea zaidi kwenye mapumziko kuliko kwenye nota. Karatasi ya tarumbeta yenye mapumziko marefu ikikupa vipimo 86 na besi ikakupa 88, amini besi. Mpiga besi hapumziki, kwa hiyo mnakili hakuwa na mahali pa kupotea.

Pili, angalia funguo, yaani alama za mwanzo wa mistari zinazoonyesha nota gani inakaa wapi. Sauti ya kwanza imeandikwa kwa ufunguo wa C kwenye mstari wa kwanza, ya pili mstari wa tatu, ya tatu mstari wa nne. Asiyezoea husoma ya kwanza kana kwamba ni ufunguo wa G, na kila kitu kinakaa mahali pasipo pake. Katika kadensi ya kwanza, yaani pale sentensi ya muziki inapomalizikia, utajua.

Tatu, honi na klarineti. Honi za wakati ule ziliandikwa katika C, na mpigaji alibadilisha bomba ili apate toni kuu ya wimbo. Kama ukurasa wa juu umechanika, hujui bomba gani lilitumika. Tafuta kadensi ya mwisho: nota ya chini ya honi kwa kawaida ni nota ile ile ya besi, ukizilinganisha umepata jibu. Kwa klarineti, hesabu alama za bemoli (zinazoshusha nota nusu hatua). Wimbo ukiwa katika B bemoli na karatasi haina alama hata moja, ni klarineti ya B bemoli.

Nne, tenganisha tabaka. Karatasi za furushi moja zinaweza kuwa na tofauti ya miaka 50. Ukikuta sehemu ya ofikleidi, ala ya shaba ya sauti nzito, katika misa ya mwaka 1810, ala hiyo ilibuniwa Ufaransa mwaka 1817, kwa hiyo sehemu hiyo imeongezwa na mtu mwingine. Iandike kando, usiiweke ndani. Vilevile sauti ya pekee iliyojaa madoido kwenye karatasi mpya na iliyo tupu kwenye karatasi ya zamani: chapisha ile ya karatasi ya zamani, na madoido yape nafasi chini ya ukurasa, kwa kuwa ni ushahidi wa jinsi ilivyoimbwa.

Tano, sauti iliyopotea. Ikiwa ni ya pili au ya tatu, anza na kinanda. Mpiga kinanda alipewa mstari wa besi wenye tarakimu juu yake, na tarakimu hizo zinataja akodi, yaani nota zinazosikika pamoja. Toa nota zinazoimbwa na sauti tatu zilizopo, na inayokosekana itajitaja yenyewe mara nyingi. Katika fuga kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa kila sauti lazima iingie na wazo lilelile. Panapokuwa na majibu mawili yanayowezekana, andika nota ndogo ili mwimbaji ajue kuwa ni ya mhariri.

Kosa la kawaida katika kuimba ni la upeo, yaani sauti inapanda na kushuka hadi wapi. Sauti ya kwanza ya kabla ya mwaka 1808 iliandikwa kwa wavulana na inakaa katikati. Kwaya yenye wanawake wazima inaiimba bila shida. Sehemu za pekee za baada ya 1808 ziliandikwa kwa waimbaji wa kulipwa wenye pumzi ndefu. Kumpa *Ingemisco* ya Misa ya wafu mwanakwaya mwenye sauti nzuri lakini asiye na mafunzo ni kumtesa yeye na wasikilizaji. Kama hakuna mwimbaji wa aina hiyo, imba sehemu za kwaya peke yake kwa kutumia kinanda, kama ilivyochapwa mwaka 1897.

Kwaya ya sauti nne isiyo na okestra ianze na moteti za Juma Kuu: *In monte Oliveti* na *Judas mercator pessimus* za Alhamisi Kuu, *Popule meus* ya Ijumaa Kuu, *Sepulto Domino* ya Jumamosi Kuu. Ni fupi, sauti zinatamka neno pamoja, na ugumu wake hauko kwenye nota za juu. Uko kwenye kutulia pale anapoweka akodi yenye mgongano chini ya neno zito na kuishikilia bila kuharakisha kuitatua. Gawa kwaya uifanyie mazoezi besi na sauti ya tatu kwanza, taratibu, mpaka akodi hizo zisimame imara, ndipo uongeze sauti za juu.